Kesi Hii Haizikwi Nami

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikie bila mimi kupaza sauti, maana sauti yenyewe imeanza kunihama na nisingependa niimalize kwa kuwaambia mkae vizuri. Zimeni redio ya jikoni. Fungueni dirisha la upande wa banda nipate hewa, jua bado liko juu na wala sioni baridi. Na wewe, muuguzi wangu, acha kunishika mkono kana kwamba unanisalimia. Najua unahesabu mapigo. Nimekuzaa mimi, hila zako nazijua. Moyo ni wangu na najua unavyokwenda, kwa hiyo vuta kiti ukae kama binti yangu, uuguzi utauendeleza baadaye.

Mko wote? Namwona mwanangu mkubwa pale mlangoni na nguo za kazi, bado ananukia chuma kilichochomelewa. Vua kofia yako ya kazini, baba, humu ndani hakuna kitakachokuangukia. Namwona mkamwana wangu, amekaa sakafuni karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi akawakuta watu wana mazungumzo. Inuka, mama, uje ukae hapa kitandani, miguuni pangu, nina neno lako. Na mjomba wenu yuko wapi? Nimemsikia akikohoa uani tangu mchana. Mwacheni kwanza. Nitamwita nikifika kwake.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu havina maneno mengi. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, na asiwepo wa kumwambia mwenzake amekuja lini na ataondoka lini. Chumba cha mbele ni cha binti yangu kila anapokuja, hata akikaa mwaka mzima hajaja, asikute mmejaza magunia. Mbuzi ni wa mwanangu mkubwa, isipokuwa yule mweusi mwenye pembe iliyovunjika, ambaye ni wa wajukuu, maana wameshampa jina na mkimchinja mtaishi na vilio. Toroli lililoegemea ukuta wa choo si letu, ni la jirani yetu fundi seremala. Nililiazima kubebea mawe ya msingi wa banda, naye kwa adabu yake hajawahi kuliulizia. Lirudisheni, na mlioshe kwanza. Sina deni jingine la mtu. Gauni langu la buluu, lile la mahakamani, msinizike nalo. Limekaa kwenye mabenchi vya kutosha, sasa lipumzike, mpeni anayelitaka.

Mmeona, vitu vimekwisha. Imebaki mizinga.

Mizinga ni yangu, niliichonga na baba yenu na mingine nikainunua alipofariki. Lakini ardhi iliyoishika si yangu, wala haikuwa ya baba yenu, wala ya babu zenu. Uwanda wote ule wa juu, kuanzia upande wa magharibi wa miamba mpaka chemchemi za mashariki, ni ardhi ya umma. Tangu nikiwa msichana watu wamechunga kule, wamekata nyasi za kuezekea, wameokota kuni, na sisi wa nyuki tumekuwa tukipewa kibali cha kuweka mizinga, unakihuisha kila kinapoisha. Sasa nataka mlielewe jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonifikisha mbele ya majaji na ndilo nililowaitia. Mtu akikuvamia kwenye shamba lako, unajua la kufanya. Lakini kitu cha watu wote kikiguswa, kila mmoja anamtazama mwenzake, na wakati mnatazamana, kimekwenda.

Ninyi mnakumbuka kelele za kesi tu, maana mlikuwa na maisha yenu. Mwanzo wake ulikuwa wa kimya kabisa. Nilipanda asubuhi kukagua mizinga, nikawakuta vijana wawili wenye fulana za kung'aa wakipigilia vigingi ardhini, na kila kigingi kimefungwa utepe mwekundu. Walinisalimia vizuri. Mmoja akaniuliza kama nyuki wangu ni wakali, nikamwambia inategemea mgeni amekuja kufanya nini. Akacheka, nami nikacheka, nikampa kipande cha sega akalamba mpaka vidole. Nilipomuuliza vigingi ni vya nini akasema, "Mama, sisi ni wapimaji tu, tumetumwa." Sikuwa na ugomvi naye, na hata leo sina. Nilirudi chini nikaenda ofisi ya kata, na pale ndipo nilipoambiwa kwamba wizara imeukata uwanda vipande vipande, wanaviita vitalu, na imevikodisha kwa kampuni ya mafuta na gesi kwa mnada. Mnada ulifanyika mji mkuu, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Sisi tunaoishi kwa ardhi ile tulipata habari nyundo ikiwa imeshagongwa.

Upande wa magharibi ulikuwa umeshakwenda. Mitambo ilipanda kabla hata hatujajua nani wa kumwuliza. Upande wa mashariki, wenye chemchemi, ndio uliokuwa bado.

Tukaitana kwenye darasa la shule. Mjomba wenu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wafugaji, na kumbe alikuwa ameshaulizwa na wale wa kampuni na ameshajibu kwa niaba yetu. Akasimama mbele ya ubao, akasema ardhi ni ya serikali, na serikali ikikitaka chake hakuna wa kuizuia, na kwamba angalau tutapata barabara ya lami na maji ya bomba. Nikasimama nikamwuliza, "Mdogo wangu, nani alikutuma ukaseme tumekubali?" Akanijibu, "Dada, kaa chini, unanitia aibu mbele za watu." Sikukaa. Nilitoka nje, na kutoka siku ile mimi na yeye tukawa watu wa kupishana njiani. Tulimzika mama yetu mimi nikiwa upande huu wa kaburi na yeye upande ule. Mlikuwa mnaona, mkanyamaza, na sikuwalaumu, maana mtoto hawezi kuwagombeza wakubwa wawili.

Niongezee maji kidogo. Hapo panatosha.

Wakili wetu alikuja baada ya mvua kukatika. Mnamjua, Mikoba, tulimpa jina hilo kwa sababu alishuka kwenye gari na mikoba miwili ya makaratasi, mmoja kila bega, akawa anatembea kama anayechota maji kisimani. Nilimwona mdogo sana. Nilimwambia, "Mwanangu, wakubwa wako wako wapi?" Akasema yeye ndiye mkubwa. Akakaa jikoni kwangu, akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Mama, hatuwezi kwenda mahakamani tukasema tunaupenda uwanda. Wanaoupenda ni wengi, na mahakama haina kipimo cha mapenzi. Mahakama inataka mtu. Mtu mwenye jina, anayepanda kule, ambaye maji yakiharibika ataumia yeye mwenyewe. Akipatikana huyo, ndipo tunaweza kuwatetea wengine wote nyuma yake." Nikamwuliza, "Sasa huyo mtu umeshampata?" Akaendelea kunitazama huku akinywa chai yangu.

Ndivyo nilivyokuwa mdai wa kwanza. Nyuma yangu walikuwapo wengine, mchunga ng'ombe mmoja mzee, seremala jirani yetu, na mama mmoja mkata nyasi. Lakini jina la juu lilikuwa langu, na kesi ikaitwa kwa jina langu dhidi ya waziri. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa hai bado. Akasema amekaa na mimi miaka yote hiyo, anamwonea waziri huruma.

Nawaambieni mahakama ilivyo, kwa sababu kuna mmoja wenu atahitaji kujua. Ni chumba kirefu chenye mabenchi magumu, na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Unakaa asubuhi nzima unasikia kesi za watu wengine, ya kwako ikiitwa inaahirishwa. Unarudi. Inaahirishwa tena. Anayekuja na hasira zinamwishia kwenye benchi, kwa hiyo nenda na chakula. Siku nilipopanda kizimbani, wakili wa serikali aliniagizia kiti, na kwa kweli alikuwa mtu wa heshima. Akaniuliza kuhusu mizinga, nikamjibu. Akaniuliza kuhusu chemchemi, nikamjibu. Kisha akasema taratibu, "Mama, nyumbani kwako unapikia nini?" Niliuona mtego lakini sikuona pa kupitia. Nikasema, "Gesi." Watu wakacheka, karani akacheka, hata mimi midomo ikanicheza. Akasema, "Asante, mama, sina swali jingine."

Nilishuka nimelowa jasho. Nikamwambia Mikoba kwamba nimeharibu kesi ya watu. Akasema, "Hujaharibu. Umesema kweli, na jaji amekuona ukisema kweli." Lakini swali lile nimelala nalo mara nyingi, na sitaki mfikiri lilikuwa la kipuuzi. Lilikuwa swali la haki. Mtungi uko pale jikoni, mnauona. Na mwanangu huyu anakula kwa mabomba anayoyachomelea. Kama mtu akiwauliza mama yenu alikuwa anapinga nini, msiseme alipinga gesi. Semeni aliomba kitu kimoja, kwamba kabla hamjatoboa mahali ambapo watu wote wanakunywa, mpime kwanza, mpime kwa ukweli, na mwaulize wanaokunywa.

Maana hawakupima. Walipima kila kisima cha gesi peke yake. Kisima hiki moshi wake ni mdogo, sawa. Kisima kile maji yake machafu ni machache, sawa. Na kile kingine, sawa. Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa uwanda bila kujumlisha, kama mtu anayekula kijiko kimoja kimoja halafu anaapa hajamaliza sufuria. Hilo Mikoba alilishikilia kama kupe. Na jaji, siku ya hukumu, akiwa na mafua, anasoma ukurasa na kupenga kamasi, akasema hilo hilo: wizara ilikosea kukodisha vitalu vya mashariki bila kupima madhara yote kwa pamoja na bila kuwasikiliza wanaotumia ardhi. Akafuta mikataba ile. Tulitoka nje tukikumbatiana na watu tusiowajua.

Nikamkuta Mikoba amekaa kwenye ngazi, hacheki. Akaniambia, "Mama, tumeshinda, ila sijui kama unajua tumeshinda nini. Jaji hakusema wasichimbe. Amesema wakapime upya." Niliudhika naye siku ile, aliniharibia sherehe. Lakini ni kweli. Walipima upya, juu juu, wakapiga mnada upya, nasi tukarudi mahakamani upya. Mahakama ikaweka zuio, hakuna mtambo kuvuka miamba mpaka kesi ya pili iishe. Wao wakakata rufaa kulipinga zuio hilo. Na hapo ndipo tulipo leo.

Najua wapo wanaosema nimepoteza uzee wangu kwenye mabenchi, na hakuna hata siku moja niliyorudi na jibu lililokamilika. Binti yangu, wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwenye simu, "Mama, kesi gani hii isiyokwisha?" Simu ikakatika kabla sijakujibu. Nakujibu sasa. Wakati kesi haijaisha, mashariki hakujachimbwa. Ndama wamezaliwa kule wakawa ng'ombe, wakazaa. Nyuki wamejaza masega, na asali ile ndiyo uliyokuwa ukibeba kwenye chupa kuwapelekea wagonjwa wako. Kila kilichotokea kule juu tangu ule mnada wa kwanza, kimetokea ndani ya kesi. Mimi kwa kukosa jibu lililokamilika sikuwahi kulia. Nililia kwa ajili ya magharibi.

Magharibi mmekuona. Moto wa gesi unawaka kule mchana na usiku kwenye mdomo wa bomba, na ukisimama mbali unasikia kama kitambaa kikubwa kinachanwa bila kuisha. Vumbi la malori limekaa juu ya maua, na nyuki hawatui kwenye ua lenye vumbi. Chemchemi ya upande ule mbuzi waliinusa wakarudi nyuma. Ni visima, au ni ukame? Wataalamu walibishana siku nzima mbele ya jaji, na mimi sikusoma mambo hayo, siwezi kuwaamulia. Nilihamisha mizinga yangu, basi.

Sasa, mwanangu mkubwa. Usitazame sakafu. Ulipopata kazi kule magharibi ulikuja kuniambia ukiwa unaogopa, nami nikakupikia, nikafurahi kweli, maana ulikuwa umekaa bila kazi mpaka mabega yakaanza kuinama. Ufundi wako ni wa halali. Nyumba uliyojenga ni ya halali. Kisha mkubwa wenu akakuita ofisini, akakuambia, "Mama yako anatushtaki." Ukaja hapa, ukakaa kiti hicho alichokalia dada yako, ukaniomba niondoe jina. Nikakuambia siwezi. Ukaacha chai katikati, ukaondoka, na kwa muda mrefu ukawa unapita hapo nje bila kuingia. Sikukulaani hata siku moja. Nataka ulijue hilo kabla sijaishiwa pumzi. Nilikuwa nikisikia hatua zako zinapita, nasema moyoni, angalau ni mzima, anatembea vizuri.

Na katika muda huo, alikuwepo aliyekuwa anaingia. Huyu hapa. Mkeo.

Mama, nikwambie ukweli, ulipoolewa sikukuona wa maana. Unacheka haraka, unachoma maharage, na kila ukiingia kwenye nyumba unakaa mlangoni. Lakini baba yenu alipofariki, asubuhi moja nilikuwa nafunga viatu nipande, nikakukuta umesimama nje na kamba na chombo cha moshi. Hukuniuliza. Ulinifuata. Nyuki wakakuuma usoni mpaka jicho likafunga, nikajua kesho hutarudi. Ukarudi na jicho limefunga. Tangu hapo, nilipokuwa naumwa ulipanda peke yako. Unajua mzinga upi una hasira, unajua chemchemi ipi inakauka kwanza. Kibali cha mwisho, mnajua ninyi, kina jina lake pamoja na langu, nilikwenda naye nikamwandikisha.

Mikoba alikuja juzi. Nywele zake zimeanza mvi, nilimcheka. Alikaa hapo hapo ulipo, mama, akanishika mguu, akaniambia bila kuzunguka, na ndiyo maana nampenda. Seremala amejitoa, mgongo haumruhusu kupanda tena. Yule mchunga ng'ombe alifariki. Mkata nyasi alihamia kwa wanawe. Nimebaki mimi. Nikiondoka mimi na hakuna aliyesimama mahali pangu, upande wa pili wataomba kesi ifutwe, kwa kuwa haina mwenyewe, na zuio litakufa pamoja nami. Malori yatavuka miamba, na hayatakuwa yamevunja sheria yoyote. Binti yangu, wewe ukasema papo hapo, "Niandikeni mimi." Nilijisikia vizuri, mwanangu, usifikiri sikukusikia. Lakini Mikoba akakuuliza mara ya mwisho kupanda kule ilikuwa lini, ukaanza kuhesabu miaka kwa vidole. Mahakama inataka anayepanda.

Mwiteni mjomba wenu sasa.

Karibu, mdogo wangu. Inama hapo, taa itakugonga. Umezeeka vibaya, nani anakunyoa? Kaa. Usianze kusema, una kikohozi na mimi nina pumzi chache, tukianza wote wawili hatutamaliza. Barabara uliyosema itakuja, ilikuja. Gari lililonipeleka hospitali lilipita juu yake, nikafika hai. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu na si kwa mtu mwingine. Maji ya bomba hayakuja, na hilo unalijua bila kuambiwa. Tumelipana. Hapana, usiniombe msamaha, utanifanya nilie na kifua hakitaki. Nina ombi moja. Bado una ng'ombe mashariki, na watu bado wanakuita Mwenyekiti japo walikuondoa. Siku kesi ikiitwa, mtu atakayesimama mahali pangu atapita katikati ya watu ambao waume zao na watoto wao wanalipwa na kampuni. Watamsema. Nataka apite na wewe. Huna haja ya kuamini kesi. Kaa naye kwenye benchi tu, ukohoe.

Unatikisa kichwa hivyo ni ndiyo au ni uzee? Haya. Nimekusikia.

Mama, sasa ni wewe. Mkamwana wangu. Nakuomba usimame mahali pangu.

Najua. Najua unachotaka kusema, hujui kuongea mbele za watu. Hawatakuomba hotuba. Watakuuliza unaitwa nani. Watakuuliza unafanya nini kule juu, na maji yakiharibika utafanya nini. Unachokijua jibu, usichokijua sema sijui, na wakikuuliza unapikia nini, sema. Mikoba atakuwa pembeni yako. Lakini nisikilize vizuri. Usinijibu kwa sababu nakufa. Mtu anayekufa ni vigumu kumkatalia, na mimi sikukuita hapa nikutege. Ukikataa utabaki mkamwana wangu, na mizinga ni yako vilevile, nakupa sasa hivi, mmesikia nyote. Ukikataa, kesi itakufa, nasi tutakuwa tumeilinda mpaka tulipofikia. Hilo si dogo. Sitanuna.

Mwache afikirie. Usimwangalie mkeo hivyo, mwanangu, hajasema bado.

Unasemaje, mwanangu? "Na kazi yangu?" Ndilo swali lako, na una haki nalo.

Sijui, baba. Siwezi kukudanganya nikiwa hapa nilipo. Huenda wakakuita ofisini tena. Huenda wakakuondoa, wakasema sababu nyingine. Huenda wakaogopa kukuondoa kwa kuwa itaonekana. Mimi nilikuwa mama yako, wangeweza kusema mama hachaguliwi. Mke umemchagua. Ukimwambia mkeo hapana, pengine atatii, na utakuwa umeilinda riziki ya watoto wako, na mimi sitakuita mwoga. Ila ninakuomba jambo moja, msiende kuamua hilo nyumbani kwenu wewe ukiwa umesimama na yeye amekaa mlangoni. Amueni hapa, mmekaa, ninawaona.

…

Nipe maji. Hapana, lowanisha midomo tu.

Umesema nini, mama? Sauti yako ndogo na masikio yangu yamejaa. Rudia.

"Leo asubuhi nilikwenda kwenye mizinga, na kesho nitakwenda. Wakiniuliza, nitawaambia hivyo."

Basi. Hiyo inatosha, mtoto wangu. Mikoba mwenyewe asingeandika vizuri kuliko hapo.

Na wewe, mwanangu, umekuja ukakaa karibu naye. Kitanda kinalia, mtanivunjia kitanda nikiwa ndani yake. Kaeni hivyohivyo. Sihitaji useme leo.

Nizikeni karibu na baba yenu, kule nyuma ya makaburi ya kijiji, kwa jeneza la kawaida, fundi seremala anajua kipimo changu kwa kunitazama. Msinipandishe juu. Najua mtatamani, mtasema alipapenda. Kule ni kwa watu wote, hata mimi sina ruhusa ya kukaa huko moja kwa moja. Siku ya maziko asisimame mtu wa siasa kuniongelea, wa upande wowote. Mjomba wenu aongee, asiongee sana. Mikoba mumpe asali. Binti yangu, wewe ulale… ulale siku mbili kabla hujarudi kazini, umewauguza wengi, na mimi umeniuguza kwa mikono yako, sikupata maumivu ila yale yasiyokwepeka. Msigombane kwa ajili ya kesi. Mkigombana, gombaneni kama sisi, kisha mmoja amwite mwenzake mapema… mapema kuliko nilivyomwita mdogo wangu.

Mungu awape kazi ya mikono na usingizi wa kutosha. Awape maji safi, ninyi na wanaowachukia. Mwanangu, mikono yako isiungue. Binti yangu, wasife wengi mikononi mwako. Mama… mama, ulimi wako uwe mwepesi siku hiyo. Na watoto wenu wapande kule juu, na wa watu wengine wapande… wasijue hata kama kulikuwa na ubishi.

Mwisho wa rufaa sitauona. Mkiuona ninyi, njooni mniambie, taratibu tu, msipige kelele. Tukishindwa… njooni vilevile.

Nigeuzeni nilalie upande huu. Hivyo. Sasa nendeni mkale, chakula kinapoa. Mmoja abaki.